Mji wa Chokaa

Usimwamini anayekwambia mapenzi huingilia machoni. Ya Fundi, binti mshona viatu, yaliingilia kwenye kisigino.

Miezi mitatu iliyopita, bwana mmoja mrefu kupita kiasi aliinama mlangoni mwa kibanda chake cha kushona viatu, mkabala na stesheni ya katikati ya mji, akaweka mezani jozi ambayo harufu ya dukani ilikuwa haijaitoka, lakini soli zimekwisha kabisa. Fundi aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kisigino, akasema bila hata kumtazama usoni, "Unatembea kandokando ya reli, juu ya kokoto. Tena unatembea kama mtu anayefukuzwa."

"Nani kakwambia?"

"Viatu."

Hapo ndipo alipoinua macho, na jambo likawa limeshaharibika. Jicho la yule bwana lilikuwa limemtulia yeye, limejaa mshangao, utadhani ameona mtu akisoma kitabu gizani.

Alikuwa mpangamiji. Wauza magazeti walishambatiza jina la Ngongoti, kama wale wachezaji wa miguu ya miti, maana kutwa nzima alikuwa akikata hatua mbele ya stesheni na ile miguu yake mirefu, akihesabu kwa sauti, bila haya. Kazi aliyopewa ilikuwa ule uwanja wa kuegesha magari. Asubuhi magari yanajaa, wenyewe wanapanda treni. Jioni wanarudi, wanawasha, wanaondoka, na pale panabaki lami tupu na mifuko ya plastiki ikipepea. Ngongoti alitaka papatikane mitaa: maduka chini, watu wakae juu, chekechea, zahanati, miti ya kivuli, na mtu akishuka kwenye treni afike popote kwa miguu ndani ya dakika tano.

Siku ya pili alirudi mikono mitupu. "Leo sijaleta kiatu," alisema. "Naomba unionyeshe vya wengine."

Fundi alicheka mpaka sindano ikamwanguka. Lakini alimwonyesha. Alimshushia rafu nzima. Viatu vya wauguzi vina udongo mwekundu ubavuni, kwa hiyo wanakatisha kwenye uzio uliobomoka. Viatu vya makarani vimelika upande wa nje, kwa hiyo wanashuka ule mteremko wa nyuma wakiwa wamechelewa. Kila jozi ilikuwa njia, na kila njia Ngongoti aliiandika. Kuanzia hapo ikawa kila mchana, vichwa viwili vimeinamia soli moja, na soli ikishaisha kuzungumziwa hakuna anayekumbuka kuinua kichwa.

Basi keshokutwa Ngongoti anaondoka. Mji mwingine unamsubiri, na stesheni nyingine. Wiki iliyopita alimshika Fundi mkono katikati ya harufu ya gundi, akamwambia, "Twende wote." Fundi alimwahidi jibu leo.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama alikuwa ameshasema lake. "Mwanaume anayehesabu hatua zake atakuwa anahesabu na za kuondoka," alisema, na hakutaka kumsikia tena. Baba, aliyeshona viatu miaka arobaini katika kibanda kilekile kabla mguu wa kushoto haujamsaliti, alikuwa na neno zito zaidi. "Kabla ya kibanda hiki nilihamishwa mara mbili na watu wenye karatasi. Kwenye karatasi zao mimi ni kidoti. Huyo akitaka niongee naye, anionyeshe hiyo mitaa yake niikanyage kwa miguu yangu."

Alisema hivyo ili kufunga mjadala. Hakujua anashindana na nani.

* * *

Ilikuwa siku ya mapumziko, saa moja asubuhi, na uwanjani hakuna gari hata moja. Fundi alivuka reli kwenye kivuko kama kawaida yake, akapinda kona ya stesheni, akasimama. Mkoba ulimteleza begani, hakuushika.

Uwanja mzima ulikuwa umeandikwa kwa chokaa.

Si kama michoro ya ukutani, midogo midogo. Ulikuwa mji wenye ukubwa wake. Mtaa mpana ulitoka mlangoni mwa stesheni ukaenda mpaka mwisho wa lami, na kulia kwake na kushoto kwake kulikuwa na kuta, milango, madirisha, ngazi, korido. Miduara mikubwa ilionyesha miti itakapofika na vivuli vyake. Nyumba za ghorofani zilikuwa zimechorwa pembeni ya maduka yake, kwa sababu hewani hakuchoreki. Fundi aliufuata ule mtaa kwa macho mpaka mwisho. Alizaliwa ng'ambo ya reli hii, amepita hapa maisha yake yote, na hakuwahi kujua kwamba ni pakubwa hivi.

Ngongoti alikuwa amechuchumaa mbali, na ndoo ya chokaa na kamba ya kupimia. Alipomwona aliinuka. Mikono myeupe, nywele nyeupe, hata kope.

"Umeanza lini?" Fundi aliuliza.

"Jana magari yalipoondoka. Leo nikaja tena na alfajiri. Uliniambia Mzee anataka kukanyaga." Alikunja kamba polepole. "Nimemletea akanyage."

Fundi akapiga hatua kumfuata.

"Aa-aa! Hapo ukuta."

"Ukuta gani, ni chokaa."

"Ni ukuta wa kinyozi. Pita mlangoni, tafadhali."

Fundi alicheka, akarudi nyuma, akapita mlangoni. Na hapa nakuomba usicheke nawe, kwa maana alipovuka ule mstari mweupe alihisi kabisa ameingia ndani ya nyumba. Ngongoti akamtembeza. Huku mkate, huku dawa, huku chekechea, na mlango wake umepinda pembeni ili watoto wasikimbilie barabarani. Kisha akasimama mbele ya chumba kimoja cha kona.

"Hiki?" Fundi aliuliza, ingawa alishakijua. Rafu zilikuwa tano, kama zake. Meza ilikuwa kushoto, kwa sababu yeye hutumia mkono wa kushoto. Nani hukumbuka mambo kama hayo?

"Dirisha lina mita mbili," Ngongoti alisema. "Na hapa nje ni benchi la Mzee. Jua la asubuhi linamfikia, na kila anayeshuka kwenye treni lazima ampe salamu. Hakuna pa kumkwepea." Kwenye alama ya benchi alikuwa ameweka kreti la soda, zima, limefutwa vumbi.

Fundi aliingia mlangoni, akasimama nyuma ya meza yake. Alimtazama yule mtu mrefu mweupe, naye akamtazama, na kati yao palikuwa na meza ya chokaa ambayo hakuna kati yao aliyethubutu kuivuka.

"Una chokaa shavuni," Fundi alisema mwishowe.

"Nifute basi."

"Watu watatuona."

"Watu gani? Hakuna mtu."

Kweli hakukuwa na mtu, ila treni ya kwanza ilichagua dakika ileile kuingia. Abiria wakamiminika mlangoni mwa stesheni, kisha wakasita wote kwa pamoja. Halafu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akashuka kwenye ule mtaa mweupe na kuanza kutembea taratibu katikati yake, akitazama huku na huku. Wengine wakamfuata. Mzee mwenye sanduku alisimama mbele ya ukuta, akauchunguza, akazunguka kutafuta mlango. Hakuna aliyekanyaga ukuta. Hakuna aliyeambiwa.

"Wanapita milangoni," Ngongoti alinong'ona. "Fundi, angalia. Wanapita milangoni!"

* * *

Baba na Mama walifika saa nne, saa ambayo Baba huvuka kivuko kila siku ya Mungu kuja kukaa na binti yake kibandani. Mama alishika mwavuli kama mtu aliyekuja kukamata mwizi. Baba alikuja na bakora yake, mguu wa kushoto ukiburutwa nyuma.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama."

"Marahaba," Baba alijibu. Mama aliitikia kwa pua.

Baba akaanza kutembea moja kwa moja, akiburuza mguu katikati ya mistari.

"We mzee!" Mama akapaza sauti. "Unapita ukutani kama jini! Mlango si huu hapa?" Kisha yeye mwenyewe akasimama kwenye ule mlango, akakunja mwavuli. "Hodi?"

"Karibu Mama," Ngongoti alisema, na hakucheka, Mungu ambariki.

Fundi aliwafuata nyuma walipotembezwa. Aliona uso wa Mama ukilainika kwa chekechea, ukakazika tena alipokumbuka amekasirika. Aliona Baba akiinama kugusa chokaa kwa kidole. Walipofika kwenye chumba cha kona Baba alikaa kwenye kreti, akaweka bakora katikati ya magoti, akageuka kulitazama dirisha.

"Dirisha kubwa," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi nimeshona miaka arobaini bila dirisha. Taa tu." Macho yake yalikuwa yamelowa, wala hakujisumbua kuyaficha. "Watu wangekuwa wananiona. Nami ningekuwa nawaona." Akainuka. "Haya. Mji nimeuona. Sasa nirudishe nyumbani."

Wakaenda hadi upande wa reli. Hapo Ngongoti alieleza kwamba kivuko cha zamani kitafungwa, treni zitakuwa nyingi na ni hatari, na badala yake kutakuwa na daraja la kupita juu. Ngazi zake alikuwa amezichora chini: mistari arobaini na miwili, myembamba, iliyofuatana.

Mtu mwingine angetembea juu yake tu, ni lami tambarare. Lakini Baba alikuwa ameambiwa ukuta ni ukuta, na yeye ni mtu wa kweli. Alinyoosha mkono akashika chuma ambacho hakikuwepo. Akainua mguu wa kulia, akauweka juu ya mstari wa kwanza, akauvuta wa kushoto. Mstari wa pili, vilevile. Wa tatu. Wa sita. Abiria waliokuwa wakipita walisimama. Alipofika wa kumi na moja alikuwa anatweta, jasho linamtiririka kwenye nyusi. Akasimama. Mbele yake kulikuwa bado na mistari thelathini na moja, na upande wa pili nyumba yake inaonekana, na nguo zao kwenye kamba.

"Mwanangu," alimwambia Ngongoti, na sauti yake haikuwa na ugomvi wowote. "Mji wako ni mzuri. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii. Sema tu mimi nitakuwa nasimuliwa na majirani."

Hakuna aliyecheka. Ngongoti alikuwa mweupe kwa chokaa, lakini Fundi aliona damu ikimwondoka usoni chini ya hiyo chokaa.

"Nimepima watu," alisema kwa shida. "Njia zote, Mzee. Jozi kwa jozi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na tatizo la ngazi."

Jozi kwa jozi. Fundi alisikia neno hilo, moyo ukampasuka. Alipiga magoti juu ya lami, akamwinua Baba mguu wa kushoto, akageuza kiatu. Kisigino kilikuwa kizima, kama cha jana. Ncha ndiyo iliyokwisha, imesagika mpaka kwenye uzi, imeshonwa na kushonwa tena na mkono anaoujua. Baba hutengeneza viatu vyake mwenyewe, jikoni. Havijawahi kupanda kwenye rafu ya Fundi hata siku moja.

"Ni mimi," Fundi alisema. "Kosa ni langu. Wanaoleta viatu kwangu ni wanaotembea mpaka soli zinaisha. Wazee hawamalizi soli. Wajawazito hawamalizi. Nilikupa miguu ya wenye nguvu peke yake, na baba yangu mzazi nikamsahau nje."

"Hapana, langu. Hizo dakika tano nilizipima kwa miguu hii yangu. Ndiyo kazi niliyosomea, Fundi, si wewe."

"Nakwambia ni langu!"

"Na mimi nakwambia..."

"Gombaneni polepole," Mama aliingilia, "mzee wa watu bado yuko kwenye ngazi."

Kweli alikuwepo. Ngongoti akamwendea, akampa bega, na wakateremka wote wawili kinyumenyume, mstari kwa mstari, kumi na moja, kumi, tisa, Ngongoti akitangulia chini yake ili akiteleza amdake. Akiteleza wapi, jamani, kwenye lami? Lakini abiria mmoja alikuwa amejishika kifua, na Baba alipofika chini watu walipumua kwa pamoja. Fundi alimtazama yule mwanaume akimshusha baba yake kutoka kwenye ngazi isiyokuwepo, kwa uangalifu wote ule, na akajua kwamba hatampenda mwingine.

Ngongoti aligeukia mji wake. Aliutazama wote, kuanzia stesheni mpaka mwisho.

"Kivuko kinabaki," alisema. "Kitawekewa geti na mlinzi. Mtaa mkubwa unapinda, unakuja mpaka hapa kwenye geti hilo. Kwa hiyo maduka yote yanasogea, na nyumba zote juu yake. Nachora upya."

"Wakubwa wako watasemaje?" Baba aliuliza.

"Nitawaambia nimekosea."

Baba akamkazia macho. "Watu wenye karatasi nimewajua maisha yangu yote," alisema taratibu. "Hilo neno sijawahi kulisikia vinywani mwao." Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akanyoosha mguu. "Na ukishamaliza?"

Ngongoti alimtupia Fundi jicho. "Kuna mji mwingine unanisubiri, Mzee."

"Umeshapanga mingapi?"

"Mitano."

"Umekaa upi?"

"Hata mmoja."

"Mimi nilikuwa simpi mtu kiatu mpaka atembee mbele yangu dukani, nione kinavyomkaa. Wewe unawapa watu mji mzima, halafu huyo!" Baba alinyoosha bakora kuelekea kwenye chokaa, milango na milango na milango. "Katika yote hii, wewe nyumba yako ni ipi?"

Ngongoti alifungua mdomo. Akatafuta kwa macho, kweli akatafuta, kama mtu aliyeambiwa amepoteza kitu. "Sikujichora," alisema.

Fundi alijua akikaa kimya sasa atakaa kimya milele. "Nilikuja na jibu langu," alisema, mbele ya Baba, mbele ya Mama, mbele ya abiria. "Nilikuja kukwambia siendi. Si kwamba sikupendi. Nakupenda mpaka naona aibu kusema mbele ya wazazi wangu. Lakini mimi siwezi kuchora na kuondoka. Mimi huyu mzee nitamsubiri saa nne kila siku mpaka Mungu atakapotutenganisha."

Alidhani ataona uso ukianguka. Badala yake Ngongoti alimtazama vilevile kama siku ile ya kisigino.

"Mji wa sita una wapangamiji wengine," alisema. "Nitawapigia leo. Nataka kukaa hapa nione mji huu unavyokaa mguuni, Fundi. Na hata usingejengwa, hata pabaki na magari, bado nataka kukaa mahali ulipo."

"Maneno hayo," Mama alisema.

"Ni maneno, Mama. Mengine naomba unipe muda."

"Muda gani?"

"Wote nilio nao."

Mama akafungua mwavuli ghafla, ingawa jua lilikuwa bado la upole, akageuka upande. Huko nyuma ya mwavuli alijifuta macho.

Baba aliinuka kwa bakora. Alijipangusa chokaa magotini, akamtazama kijana kutoka chini mpaka juu, safari ndefu. "Jumapili njoo nyumbani," alisema. "Usije peke yako. Njoo na watu wako."

Ngongoti alikaa chini palepale, katikati ya mtaa.

"Na wewe, mama," Baba akamgeukia binti yake, sauti imeshuka, "mimi nimesema aje tu. La kumjibu ni lako, si langu."

Machozi yalikuwa yanamtoka Fundi wala hakuyafuta. Alimshika baba yake mkono.

"Baba," alisema, "mwambie aje mapema."